Mzee Mbogo na Kuyu la Ng'ambo

Hadithi iko mlangoni.

— Ifungulie, bibi.

Imekuja mikono mitupu, uongo wake imeuficha shavuni.

— Iingie nao hivyo hivyo.

Haya, sogeeni. Hapo kale alikuwepo Mzee Mbogo, mkubwa wa baraza la wanyama, mlinzi wa mila zote. Chakula chake kilikuwa mchunga tu, zile mboga chungu za majani zinazomkunja mlaji uso. Asubuhi mchunga, jioni mchunga. Ukiumwa tumbo, anakwambia kula mchunga. Ukiteguka mguu, kula mchunga. Ukifiwa, pia mchunga. Na amri zake alizikwaruza kwa pembe kwenye miti, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka miti ikabaki uchi.

Amri moja ilisema: mkubwa akiamkiwa, lazima aitikie. Nyingine ilisema: hasemi mtu barazani kabla hajanuswa mdomo. Mnusaji alikuwa Mzee Muhanga, mwenye pua ndefu na macho hafifu. Nf, nf, nf. Akinusa uchungu, unasema. Akinusa utamu, unavushwa kijito, wala hurudi tena. Tumbili alivuka kwa ajili ya asali. Paa alivuka hata hajala kitu. Alionekana akimlamba mkewe shavu mbele ya watoto, Mbogo akasema huo nao ni utamu.

Ng'ambo ya kijito palikuwa na kilima cha mawe. Hapo ndipo alipokaa Bi Pelele na wanawe, vijinyama visivyo na mkia, chini ya mkuyu uliozaa mpaka ukainama. Jioni upepo ukivuma, harufu ya makuyu ilivuka maji ikamkuta Mbogo akitafuna mchunga wake. Nyuma ya harufu vikaja vicheko, kwi kwi kwi. Mbogo akaacha kutafuna. Kitu kisichofika hata kwenye goti langu, alijisemea, kinashiba utamu kila siku, na mimi mwenye nchi nimekunja uso hapa? Moyo ukamwungua kama aliyemeza kaa la moto. Si kwamba alilitaka kuyu, la. Alitaka tu wale wasiwe nalo.

Basi ndipo alipoanza. Baraza likizungumza habari za kisima, Mbogo atasema ya kisima, kisha atamaliza: "Na kile kilima cha Pelele kivunjwe." Baraza likimwoza binti wa Ngiri, Mbogo atawaombea maharusi wazae, wapendane, "na kile kilima cha Pelele kivunjwe." Hata akipiga chafya, wenziwe walijua kinachofuata.

Wanyama wakamwambia kilima kiko mbali, kinamdhuru nani? Mbogo akaona dawa ni moja: awaletee kuyu lililochumwa asubuhi ile ile, maziwa yake bado yanadondoka, waone adui alivyo karibu. Wakiliona, kilima kitavunjwa siku hiyo hiyo. Akavuka, chubwi, chubwi.

Bi Pelele alimwona toka mbali. Ile sauti ya "kivunjwe" ilikuwa ikivuka maji kila siku, na wanawe hawakuwa na pango jingine.

"Shikamoo, Mzee Mbogo."

"Marahaba. Nataka kuyu moja. Si la kula."

"Najua, babu yangu. Wewe na kuyu wapi na wapi?"

Mbogo akanyoosha mdomo kwenye kuyu bichi, gumu kama kokoto. Bi Pelele akamwambia kwa upole kwamba hilo watasema ameliokota njiani. Achukue lile jekundu, lililopasuka kidogo. Tena asilibane kwa meno. Aliweke juu ya ulimi, afunge mdomo, aende taratibu.

Mbogo akafanya hivyo. Huku nyuma Bi Pelele akawaita wanawe akawanong'oneza, nao wakatangulia, pi pi pi, wakajipanga njiani.

Wa kwanza akatoka kwenye jiwe. "Shikamoo, babu."

Amri ni amri. "Mmahaba," akaitikia Mbogo. Kuyu likabingirika, ti, tone la utamu likashuka.

Wa pili akatoka kwenye majani. "Shikamoo, babu."

"Mmahaba." Ti, ti.

Wa tatu alikuwa juu ya gogo lililolala kijitoni. "Shikamoo, babu. Na nyumbani hawajambo?"

"Hawaj—" Gubu! Kuyu likaenda zake.

Mbogo akasimama katikati ya kijito. Maji yalimpita miguuni, wala hakuyasikia. Kumbe ndivyo lilivyo. Kumbe hiki ndicho wanachokula hawa kila siku ya Mungu, wakicheka! Wivu ukarudi mara mbili, ukamsukuma mpaka barazani.

"Wenzangu," alianza, "kile kilima..."

"Ngoja kwanza, Mzee," akasema Muhanga. "Mila yako." Nf, nf, nf. Akanusa tena. "Hapa pana kuyu."

"Nililibeba niwaonyeshe."

"Tuonyeshe basi."

Mbogo akafunua mdomo. Baraza zima likainuka kuchungulia. Mle mdomoni mlikuwa na ulimi tu, tena ulikuwa ukijilamba.

Akavushwa kijito siku ile ile. Ng'ambo akawakuta Tumbili na Paa wamenenepa, na Bi Pelele akamkaribisha chini ya mkuyu. Akampa sharti moja dogo: kilima kisiguswe na mtu. Mpaka leo Mbogo analala pale, kidevu kinang'aa kwa utamu, hakuna anayethubutu kusogea. Lakini jioni upepo ukigeuka, husikia wenziwe wa zamani wakisema barazani bila yeye. Hapo huacha kutafuna, moyo ukamwungua, akasema:

"Na lile baraza la ng'ambo livunjwe."

Hadithi inaaga, wajukuu zangu.

— Imetuachia nini?

Imewaachia funzo: utamu ni mbaya sana, unaharibu watu wenye heshima. Kwa hiyo hizo kashata mlizobakisha nileteeni mimi, na mlango muufunge.