Mke Aliyekataa Kuvuta Ndoo

Ndugu zangu, katika nchi moja kavu aliishi fundi wa kuchimba visima. Nyumba kumi na nne zilikuwa zinakunywa maji ya mikono yake, na nyumbani kwake hakuna kisima hata kimoja. Mkewe aliteka kwa jirani, na jirani hakuchoka kumkumbusha kwamba mumewe ndiye fundi. Maneno hayo yakamchoma yule bwana. Akasema, basi, mwaka huu nachimba cha kwangu.

Wakapiga magoti, mume na mke, wakamwomba Mungu awaongoze na kuwalinda. Kisha kazi ikaanza. Mume chini na sururu, mke juu na kamba: anavuta ndoo ya udongo, anamwaga, anaishusha tena. Wiki ya tatu, shimo likiwa na kina cha watu wanane, udongo ukabadilika. Fundi akaufinya kiganjani, ukashikana. Unyevu! Nusura acheze ngoma mle mle shimoni.

Saa hiyohiyo mkewe akaona ufa ardhini, mwembamba, umefuata ukingo upande mmoja. Asubuhi haukuwapo.

"Baba, panda juu," akaita. "Ukingo umepasuka."

"Visima kumi na vinne nimechimba mimi, leo unanifundisha ukingo? Vuta ndoo!"

"Sivuti. Panda kwanza."

"Mama watoto, maji haya hapa, nayakanyaga! Zimebaki ndoo tatu tu!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Mke akaona maneno hayatamtoa, akafunga kamba kwenye gogo, akakunja mikono. Fundi akaendelea kuchimba kwa ukaidi, lakini udongo usiovutwa unakwenda wapi? Ukamjaa miguuni, ukafika magotini, hata pa kunyanyulia sururu pakakosekana. Hasira zikampanda. Akaparamia vishimo vya kukanyagia alivyovichonga ukutani, huku akiutaja ukoo wote wa mkewe kwa maneno ambayo mimi hapa mbele yenu siyarudii. Mke akamshika mkono, akamvuta mbali na ukingo.

"Leo nakurudisha kwenu!" mume akafoka.

Nyuma yake ardhi ikanguruma. Upande mzima wa kisima ukashuka. Vumbi lilipotulia, palikuwa na bonde la udongo tu, na sururu na ndoo viko humo chini.

Mnadhani alimshukuru? Alikaa chini akaangua kilio. "Kisima changu! Wiki zangu tatu! Maji yangu jamani!"

Mkewe akamtazama. "Wewe unalilia shimo," akasema. "Mimi nilikuwa nawaza nitawaambia nini watoto."

Naona mnacheka. Haya, ni nani kati yetu asiye na shimo analolilia? Uchumba uliovunjika barua ya posa ikiwa imeshapokelewa. Safari iliyokwama kwenye viza. Kazi uliyofika mpaka usaili wa mwisho. Tulimwomba Mungu atuongoze, na siku aliyoacha kuvuta ndoo tukasema hasikii. Wengine tumemnunia mwaka wa tano huu.

Sisemi kila kinachokwama kimezuiwa na Mungu. Mengine tunayakwamisha wenyewe kwa uvivu, na tusimsingizie. Lakini tukumbuke tunasimama wapi. Sisi tuko chini, tunaona unyevu, na unyevu ni wa kweli kabisa. Ufa unaonekana kutoka juu.

Halafu kuna jambo linalonisumbua mimi mwenyewe. Yule fundi alibahatika, kwa sababu alionyeshwa. Shimo lilibomoka mbele ya macho yake, ubishi ukaisha. Mimi na wewe mara nyingi hatutaonyeshwa. Tutaitwa tutoke, tutatoka, na shimo litabaki zima nyuma yetu, na jirani atatuona wajinga. Hatutajua kamwe lingebomoka siku gani.

Kutoka baada ya udongo kuanza kudondoka, hata panya hutoka. Sisi je, tutatoka kwa sababu tu tunamjua anayetuita?