Tunda Lililoiva Mara Moja

Tunda la dawa huiva mara mbili. Mmecheka niliposema hivyo, mkauliza ni tunda gani linaloiva kisha likarudia. Basi tulieni, niwaeleze msemo huu ulikotoka.

Juu kabisa katika milima ya Upare, ambako ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi, aliishi mzee Senkondo na mkewe Nakijwa. Walikuwa wameoana miaka arobaini na mmoja, na waliitana Baba Mbazi na Mama Mbazi, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Kila msimu wa baridi Senkondo alibanwa na mafua na kikohozi. Nakijwa alikuwa akiteremka bondeni, akachuma matunda madogo meusi yanayoota kwa vichala, akamtengenezea dawa. Alichokijua Senkondo ni kijiko tu: akimeza, kifua kinalegea, analala. Jikoni hakuwahi kuchungulia.

Mwaka huo baridi ilimpata Nakijwa. Alilala siku mbili akitetemeka chini ya mablanketi, sauti imemkauka. Senkondo alikaa kando ya kitanda akimtazama, na moyo ukamuuma. Miaka yote hiyo yeye alikuwa mtu wa kupokea tu. "Safari hii ni zamu yangu," akajisemea.

Akashika fimbo, akateremka bondeni. Alichuma kikapu kizima, meusi kwa ya kijani, pamoja na vijiti vyake. Akayatwanga kinuni, akakamua, akajaza kikombe mpaka ukingoni. Kama kijiko kimoja humtuliza mtu, aliwaza, kikombe si kitamwinua kabisa?

Nakijwa, kwa homa aliyokuwa nayo, hakuuliza kitu. Alikunywa chote, maana mkono uliomnywesha ulikuwa wa mumewe.

Haikupita saa moja akaanza kutapika. Tumbo likamkata, likamwendesha, hata kuketi hakuweza. Senkondo akatoka uani akipiga kelele. Jirani yao Nambua akaja mbio, akaita vijana, wakambeba mgonjwa kwa machela hadi zahanati.

"Amekula nini?" tabibu akauliza.

Senkondo akageuka nyuma. Watu walijaa mlangoni. Kesho wangesema mzee amemlisha mkewe sumu. Akaitazama midomo ya Nakijwa iliyokauka.

"Nimempa mimi," akasema. "Matunda ya bondeni. Nimeyatwanga bila kuyapika, nikamnywesha kikombe kizima."

Tabibu akamgusa bega. "Ahsante, mzee wangu. Ungenificha ningebaki kubahatisha." Akamtundikia Nakijwa dripu.

Siku ya pili, mchana, Nakijwa alifumbua macho, akamwona mumewe amelaza kichwa ukingoni mwa kitanda chake.

"Baba Mbazi, uliyachemsha?"

"Kuyachemsha?"

Nakijwa akacheka mpaka akakohoa. "Mume wangu, lile tunda huiva mara mbili. Mtini huivishwa na jua, lakini ubaya wake hauondoki mpaka liive tena motoni. Wewe umenipa lililoiva mara moja."

Machozi yakamtoka mzee. "Nilitaka upone, mke wangu."

"Najua. Ndiyo maana nilikunywa."

Tabibu, aliyekuwa akipima mapigo ya mkono wake, akaongeza, "Na hata likiiva hivyo, bibi, ni la kupunguza mafua tu, kwa kijiko. Homa ikipita siku tatu, au kifua kikibana, njooni hapa. Na mjamzito, au mtu anayemeza vidonge kila siku, aniulize kwanza."

Waliporudi nyumbani, Nakijwa alikaa kwenye kigoda, akamwelekeza. Senkondo alichambua meusi peke yake, akatupa vijiti na ya kijani, akayatia chunguni na maji, akachochea moto, macho yakimtiririka kwa moshi.

"Tayari?" akauliza.

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado, Baba Mbazi. Ongeza kuni."

Dawa ilipochemka vya kutosha akaichuja kwa kitambaa, akaiacha ipoe, akatia asali. Kisha akaitia chupani, akaihifadhi kabatini hadi baridi nyingine, kwa sababu mkewe alikuwa amekwisha kupona.

Nambua, aliyekuwa amekwenda zahanati kumjulia hali mgonjwa, alikuwa ameyasikia maneno ya pale kitandani, akarudi nayo kijijini. Watu wakawa wanamwambia hivyo kila mwenye nia njema na haraka nyingi. Maana siku ile ya kikombe Senkondo hakupungukiwa na upendo hata chembe. Kilichompungukia ni kuuliza na kungoja. Ndipo tunaposema, wanangu: tunda la dawa huiva mara mbili.