Flashi Aliyoidhani Tupu

Ndugu zangu, mlio nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo, na wale walio juani waingie kivulini. Kabla sijafunga darsa la leo nina mfano mmoja. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msitoke hapa mkaanza kuulizana ni mzee wa mtaa gani.

Palikuwa na mzee mmoja huko Same, tumwite mzee Mruma. Maisha yake yote alikuwa mchapaji ofisini. Alipostaafu, ofisi ilikuwa inaondoa mashine zake za zamani, akaomba apewe kompyuta moja. Ile ya chogo, inayomaliza nusu ya meza, ukiiwasha inanguruma kama gari linapanda mlima. Akaibeba mpaka nyumbani, akaiweka sebuleni, na mkewe akaishonea kitambaa cha kuifunika.

Mkewe akafariki. Mtoto walikuwa wamejaliwa mmoja tu, binti, Nakijwa. Na huyo Nakijwa na baba yake walikuwa hawasemezani.

Kisa? Ndoa. Binti alileta mchumba, mzee akamkataa, wala hakutoa sababu ya maana. Akakataa kumwozesha. Binti akaenda kwa kadhi, akaozeshwa, akahamia Babati na mumewe. Mzee akasimama mbele ya watu akasema, "Mimi sina tena binti." Yalikuwa maneno ya hasira. Hasira iliisha ndani ya mwezi, lakini maneno yalikwisha sikika, na mzee akaona aibu kuyarudisha. Ikapita miaka sita. Binti akipiga simu, mzee anaishika mkononi, anaitazama inavyoita mpaka inyamaze yenyewe. Kisha anaiweka mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kuiamsha.

Mnaijua nyumba ya mtu mmoja? Anapika ugali wa kiasi cha ngumi, na bado unabaki. Anafagia uani asubuhi, jioni anakuta nyayo zake peke yake. Kuna nyakati mzee Mruma alikuwa anaiwasha kompyuta yake bila kazi yoyote, ili tu humo ndani pawe na kitu kinachonguruma.

Siku moja kondakta wa basi akampa bahasha. Nje limeandikwa jina lake, na mwandiko akaujua palepale, kwa sababu ni yeye aliyemfundisha binti yake kuandika. Akaifungua. Ndani hamna barua. Hamna hata kikaratasi. Kuna flashi moja, mpya, basi.

Akaenda kuichomeka kwenye kompyuta yake. Ikanguruma, ikafikiri, kisha ikaleta maandishi: diski hii haijafomatiwa, unataka kuifomati sasa? Mzee alikuwa mtu wa ofisi, maneno hayo aliyajua. Maana yake, haina kitu, haijaandaliwa hata kuandikwa. Akaichomoa, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Jibu lilelile.

Akakaa pale akiitazama. Anasema moyoni: miaka sita, na alichoona cha kunitumia ni flashi tupu. Ananikejeli? Anataka kuniambia kwamba na yeye hana la kusema nami?

Akabonyeza ndiyo. Kompyuta ikamwonya: kufomati kunafuta kila kitu kilichomo. Mzee akasema kwa sauti, peke yake sebuleni, "Kila kitu kipi?" Akabonyeza tena. Ule mstari wa kijani ukajaa polepole mpaka mwisho. Flashi ikafunguka, safi, nyeupe. Na kwa kuwa hakutaka kitu kizuri kikae bure, akaijaza. Mnajua aliijaza nini? Kaswida. Na mawaidha kama haya ninayowapa hapa. Akaijaza mpaka ikakataa.

Wiki ya saba simu ikaita kwa namba ngeni. Akapokea.

"Shikamoo, Baba."

Mzee akavuta kiti, akakaa. "Marahaba."

"Sitakuchelewesha," binti akasema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Ile flashi ilifika?"

"Ilifika."

"Ulisikia?"

Hapo, ndugu zangu, mzee ndipo alipojua kwamba ndani mlikuwa na kitu cha kusikilizwa. Mlikuwa na sauti ya mwanawe. Na yeye ameifuta kwa kidole chake. Ingekuwa mimi au wewe, tungejibu nini? Angeweza kusema, "Mwanangu, sikusikia, nimekosea, nimeifuta." Maneno manne tu hayo. Lakini huyu ni mzee Mruma, mchapaji wa miaka thelathini, mtu anayejivunia kompyuta yake mtaa mzima. Aseme amefuta? Aseme hakujua? Ulimi ukateleza, akasema, "Nilisikia."

Binti akauliza tena.

"Ulisikia lote?"

"Nilisikia lote."

"Na hukuona neno la kunijibu, Baba? Hata moja?"

Angejibu nini, na swali lenyewe hakulijua?

"Basi," binti akasema. "Nimeelewa. Sitakusumbua tena." Simu ikakatika. Mzee akaipiga ile namba. Haikupokelewa. Akaipiga kesho yake, na keshokutwa. Sasa ni yeye anayeisikia ikiita mpaka inyamaze.

Akaibeba flashi akaenda stendi kwa fundi mmoja wa kompyuta, mtu mzima mwenye mvi zake. Akamweleza, lakini hakumweleza yote. Fundi akaichomeka kwenye mashine yake, akaigeuza geuza.

"Mzee wangu, kompyuta yako ni ya lini?" Mzee akamwambia. Fundi akatikisa kichwa. "Hii flashi ilikuwa nzima. Hizi za siku hizi zimeandaliwa kwa mpangilio mpya, na mashine yako haiujui. Ikikutana na kitu isichoweza kukisoma, yenyewe inakwambia hakijaandaliwa, tukifute tuanze upya."

"Unaweza kuyarudisha yaliyokuwemo?"

"Ukifuta tu, mara nyingi yanarudi. Uliweka kitu kingine juu yake?"

"Niliijaza."

Fundi akaichomoa, akampa mkononi. "Basi siwezi kukudanganya, mzee wangu. Yamekwisha."

Mzee Mruma akarudi nyumbani, akakaa siku mbili. Siku ya tatu akapanda basi la alfajiri. Babati hakuwahi kufika. Akashuka mchana, akauliza njia, akaelekezwa, akapotea, akaelekezwa tena. Alipobisha hodi, Nakijwa ndiye aliyefungua. Amekonda. Anatembea ameshika ubavu, kama mtu aliyebeba kitu chini ya mkono. Wakatazamana. Hakumwambia karibu.

Mzee akasema palepale mlangoni, "Nilikudanganya. Sikusikia. Kompyuta yangu ilishindwa kuisoma, nikadhani umeniletea kitu kitupu, nikaifuta. Uliponiuliza nikaona aibu, nikasema nimesikia. Sijui uliniambia nini, Nakijwa. Nimekuja uniambie."

Binti akaegemea mlango. "Siwezi kuyasema tena, Baba," akasema. "Yale nilikaa miaka sita nikiyakusanya. Nilijifungia chumbani nikayasema mara moja. Siwezi tena."

"Niambie hata kidogo."

Binti akajiweka mtandio vizuri. Kisha akasema, "Walinikuta na uvimbe. Nilipangiwa upasuaji. Nilikuwa nakuomba radhi yako kabla sijaingia, nikitoka sawa, nisipotoka sawa. Nikasubiri. Nikasubiri mpaka asubuhi ya kuingia, nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, nauliza kama baba amepiga. Nikaingia bila jibu. Nilipopona nikasema, labda hakusikia. Labda haikumfika. Nikajipa moyo hivyo wiki nzima ndipo nikapiga simu." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Ukaniambia ulisikia lote."

Ndugu zangu, tumezoea mtoto kumwangukia mzazi kuomba radhi. Siku ile mzee Mruma, na mvi zake, alipiga magoti kizingitini mwa nyumba ya mkwe aliyemkataa, akasema, "Radhi yangu unayo, ulikuwa nayo siku zote. Sasa mimi ndiye naomba yako."

Mnataka nikwambieni kwamba binti alimkumbatia, wakalia, yakaisha? Hapana. Binti alisema, "Inuka, Baba, watu wanapita." Akampa maji ya kunawa, akampakulia chakula, na wakala bila maneno. Mzee akakaa pale siku nne. Siku ya nne, wakati anaondoka, binti alimsindikiza mpaka njia panda, akamwambia, "Nikipiga, upokee." Hilo ndilo alilorudi nalo. Yale ya kwenye flashi hakuyasikia mpaka leo.

Sasa natuuliza sisi. Kosa la mzee huyu lilikuwa lipi? Wengine mtasema ni kufuta. Lakini alifuta kwa kutojua, na asiyejua ana udhuru mbele ya Mola wake. Lile neno "nilisikia", je? Hilo alilisema anajua. Kulinda heshima ya siku moja, alimwacha binti yake aamini kwamba baba alisikia kilio cha mtoto anayekwenda kupasuliwa, akakaa kimya. Ametaka asionekane mjinga, akakubali aonekane hana huruma. Na sisi je, hatufanyi hivyo? Mke anazungumza, tunaitikia "nimesikia," macho yako kwenye simu. Mzazi analalamika, "nimesikia." Ndugu anatueleza jambo lililomkaa rohoni, hatukulielewa hata nusu, tunaona aibu kumwambia rudia.

Na kuna waliomo humu ambao wamekwisha amua kwamba fulani hana kitu ndani yake. Mtoto yule, jirani yule, mke wa zamani yule. Umeuliza, au ni wewe tu umeshindwa kumsoma?

Sitaki mniambie darsa lilikuwa zuri. Tukitoka hapa, kila mmoja anamjua wa kwake, na njia ya kumfikia anaijua. Mwambie ukweli: sikukusikia. Kisha ukae, umsubiri aseme, na akikataa kusema, ukae hivyohivyo.