Kiboko Adai Hadithi ya Ungo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa wapi?
Mwambani!
Nani yuko huko?
Sema wewe, sisi tuna masikio!

Basi, hapo kale alikuwako Bi Pimbi, kadogo tu, akiishi juu ya mwamba kando ya mto. Kila jioni watoto wa wanyama walipanda, to, to, to, kusikiliza hadithi yake: mtoto yatima kaingia shule ya uchawi, kafundishwa kuruka angani kwa ungo. Nao walimletea mapera.

Bwana Kiboko akanusa mapera yale kutoka mtoni. Mate yakamdondoka, do, do, do. Akawaambia vyura, "Hadithi ile yangu. Pimbi kaiba."

Vyura wakapokea, "Kaiba! Kroo! Kaiba!"

Kufika adhuhuri, mbuga nzima inaimba. Majirani wakaacha kumwamkia Bi Pimbi. Akajiinamia, machozi yakamlengalenga.

Kiboko akaja mwenyewe, puu, puu, puu. "Shuka, mwizi we! Mimi nina hadithi ya shule ya uchawi chini ya maji. Mna yatima. Mna mwalimu mwenye ndevu. Yako je?"

"Mna yatima, Bwana. Na mwalimu mwenye ndevu."

"Umeona! Kesho barazani kwa Mzee Korongo, atuamue. Nikishinda, mwamba wangu, mapera yangu."

Asubuhi, njiani, Bi Pimbi akakutana na akina mama wamefura.

"Nani kawafundisha watoto kuruka kwa ungo?" akafoka Mama Nyani. "Wangu karuka toka mtini, kang'oka meno!"

"Wangu kateguka mguu!" akadakia Mama Ngiri. "Na ungo wangu umepasuka!"

Bi Pimbi akawaamkia kwa heshima. "Mwenye hadithi atajulikana leo barazani, mama zangu. Twendeni."

Walipofika, Bi Pimbi akauliza, "Bwana Kiboko, hadithi ya ungo ni yako?"

"Yangu!"

"Yote?"

"Yote!"

"Hata pale mtoto anaporuka toka juu?"

"Hapo ndipo nilipoanzia! Nimewatungia watoto wote wa mbuga hii!"

"Basi nimeshindwa, Bwana. Chukua." Bi Pimbi akasogea kando, mbali kidogo.

Mama Nyani akainuka na mwiko. Pa! Mama Ngiri na mchi. Pu! Kiboko akatimua mbio, chubwi! mtoni. Kila akitoa pua, akina mama wako ukingoni: "Toka, mtunzi wetu, tukupongeze!"

Bi Pimbi akarudi mwambani kwake. Mama Swala akamnong'oneza, "Shoga, kwa kweli ile hadithi ya nani?"

"Ya bibi yangu."

"Na bibi yako?"

"Aliisikia kwa jirani."

Hadithi hii inatufunza kusema kweli daima, kama Bi Pimbi, na kutogusa kamwe cha mwenzio. Nami nimekomea hapo. Ikiwa tamu, nimeitunga mimi. Ikiwa chungu, niliiokota njiani. Na aliyewahi kuisikia kwingine, aliota.