Sahani ya Kwanza ya Bi Kidawa

Hapo zamani, na msicheke, zamani ya juzi tu, simu zilikuwepo, paliishi Bi Kidawa. Mwanamke mwema, ila akiazima sufuria, hairudi. Basi akatungiwa wimbo. Mwimbaji wetu Shani akauimba harusini, ukumbi mzima ukamgeukia Bi Kidawa. Sudi mpiga video akaurekodi, akauweka mtandaoni bila kumwuliza mtu.

Mji ukacheka. Bi Kidawa akalia, maana watu wa posa ya binti yake walikuwa njiani. Akawaandikia wenye mtandao: "Uondoeni!" Wakamjibu: "Tunamsikiliza mwenye wimbo, si anayeimbwa. Mwenyewe alete jina lake la kweli, aonyeshe video ilipo, athibitishe hakuruhusu, atie saini. Na aliyeiweka tutamwambia nani kalalamika."

Akaenda kwa Shani. "Mwanangu, wimbo wako huu, niokoe."

Miaka yote tulidhani Shani hutunga mwenyewe, na kwa sifa hiyo akaitwa kila harusi. Akainama. "Shangazi, siwezi kutia saini uongo. Mtunzi ni Bi Mwanakhamisi."

Lo! Jirani yetu mpole, kumbe ndiye anayetupiga vijembe mtaa mzima! Hata ndevu zangu alizitungia, na asubuhi ananiuliza habari za nyumbani.

Bi Kidawa akaenda kumbishia hodi. Bi Mwanakhamisi alijua akitia saini, Sudi atalijua jina, na Sudi akijua, soko zima limejua. Akamtazama Bi Kidawa anavyolia, roho ikamuuma. Akatia saini.

Sudi akaambiwa video imeondolewa. Akiona ameonewa, apinge. Video ile ndiyo iliyompa jina. Hata hivyo hakupinga.

Wageni wakaja, posa ikapokelewa. Bi Kidawa akapika biriani. "Sahani ya kwanza ni ya aliyeniokoa."

"Ni yangu," akasema Bi Mwanakhamisi. "Nimejianika, sasa mtaa mzima umeninunia."

"Wewe si ndiye uliyemtukana?" akadakia Shani. "Mimi nimejivua sifa. Bila mimi angebisha hodi mlango gani?"

"Na mimi ningepinga, pengine wimbo ungerudi," akasema Sudi.

"Nani aliuweka?" wakamvamia wote.

Bi Mwanakhamisi akachungulia jikoni. "Kidawa, hiyo si sufuria yangu?"

Bi Kidawa akashika mwiko, macho chini.

Haya, jamaa zangu, semeni upesi, biriani inapoa na sufuria inangojwa na mwenyewe: sahani ya kwanza, nani alistahili?