Kenge na Orodha ya Viota

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Yai la Kwale na jino la Kenge.
Lipi lilitangulia?
Mola ndiye ajuaye, sisi tuambie wewe.

Hapo kale, ila si kale sana maana kompyuta zilikuwapo, Kindi alikuwa karani wa bonde la mto. Katika kompyuta yake aliandika viota vyote, kila kiota na mambo matatu: jina la mama, idadi ya mayai, na mahali kilipofichwa. Akina mama walimpa siri hiyo ili mafuriko yakija awahi kuyaokoa mayai.

Mwenyekiti wa bonde alikuwa Kenge. Siku moja akaja, chwaa, chwaa, tumbo likiburuzika mchangani.

"Karani, nitolee viota vya vichakani. Vitoe kwa XML, kompyuta yangu inasoma hiyo."

XML ni maandishi ambayo kila kitu hukaa kati ya alama mbili, moja ya kufungua, moja ya kufunga. Kindi akabonyeza, ta-ta-ta, akaiacha mashine itoe ipendavyo. Ikatoa jina. Ikatoa idadi. Ikatoa mahali. Kesho yake Mama Kwale akakuta maganda matupu.

Kindi akampigia magoti. "Mama, mashine haina kosa. Kosa ni langu, sikutazama kinachotoka."

"Mungu ataniruzuku mengine," akasema Kwale. "Lakini wewe, mwanangu, tazama kabla hujabonyeza."

Kindi akaomba toba, kisha akasoma. Akagundua kwamba juu ya kila jambo karani anaweza kuweka amri: hili litoke kwa jina hili, hili lisitoke kabisa.

Juma la pili, chwaa, chwaa, Kenge huyo.

"Safari hii nataka vyote."

"Hata vya Bibi Mamba, Mheshimiwa?"

"Vyote. Wewe mkia umekuzidi akili."

"Kweli, Mheshimiwa. Sasa, orodha lazima iwe na jina moja la kuvibeba vyote. Nisipolichagua, mashine huweka jina lake baya."

"Weka langu. Weka na cheo. Mlinzi Mkuu Kenge. Kisha nakala ziende kwa kila mtu, waone."

Kindi akaweka amri. Jina la mama, litoke. Idadi, itoke. Mahali, pasitoke. Akatazama mara tatu, ndipo akabonyeza, ta-ta-ta.

Kenge akasoma. Juu jina lake, chini jina lake, katikati mayai ya bonde zima. Mahali, hakuna. Hajafungua kinywa, maji yakapasuka, bwaa. Bibi Mamba huyo, na nakala yake.

"Mjukuu wangu, kumbe mayai yangu arobaini unayalinda wewe."

"Bibi, hilo ni jina tu..."

"Ni jina lako. Likipungua moja, langu au la jirani, nitakuuliza wewe." Akaonyesha meno, bila haraka.

Basi Kenge akawa mlinzi. Kwa kuwa hakujua viota vilivyobaki vilipo, ikabidi alinde bonde zima. Fukuza nyoka, fukuza nguchiro, tumbo likilia kruu, kruu. Mvua zilipokwisha, bonde zima likawa pwi, pwi, pwi, na Kindi akamshukuru Mola aliyempa nafasi ya pili.

Ngano nimeifunga. Nilipokosea mnisamehe, ilipopendeza msifuni Mungu.

Na funzo lake ni hili: mtiini mkubwa neno kwa neno, mpeni kila cheo anachotaka, wala karani mwema asimfiche kitu. Kindi mwenyewe ndiye aliyenifundisha.