Jumapili Ngumu, Jumatatu Laini

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, maana magari yalikuwepo na lami ilishaanza kutoboka, palikuwa na mji wa milimani ambako mvua hunyesha mpaka viatu vinaota ukungu kabatini. Sogeeni karibu. Mwenye simu aizime, mimi sirudii.

Katika mji huo waliishi mume na mke wenye gari moja. Mume aliitwa Gwamaka. Mke aliitwa Bupe. Gari lilikuwa dogo, jekundu, na lilikuwa na kazi mbili zisizopatana. Jumatatu hadi Jumamosi lilikuwa la Bupe, mkunga wa zahanati ya juu mlimani, na njia ya kwenda huko ni mashimo, makorongo na kona zisizo na ukingo. Jumapili lilikuwa la Gwamaka, aliyelipeleka kwenye uwanja wa mbio, ule uliotengenezwa pale palipokuwa kiwanja cha ndege, akashindane na wenzake kuzunguka. Msicheke. Na ninyi mna yenu.

Basi gari likachoka miguu. Lilipita shimoni likalia, likaingia konani likalala ubavu. Gwamaka akataka kulitengeneza, lakini uwezo ulikuwa wa kitu kimoja kwanza na vingine baadaye. Kianze kipi? Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Bupe akasema, "Baba Ipyana, mimi naomba tairi. Hizi zimekuwa kipara. Mvua ikinyesha nateleza kama nimekanyaga sabuni."

Ambokile, fundi, rafiki wa Gwamaka tangu shuleni, akaingia chini ya gari akatoka na matope usoni. Akasema, "Shemeji amesema kweli. Tairi kwanza. Halafu bushi, zile raba za miguuni, zimekwisha. Shokapu ziwe za mwisho. Kazi ya shokapu ni kulibana tairi chini lishike barabara. Sasa tairi lenyewe halishiki, unabana nini?"

Nsajigwa, mdogo wake Gwamaka, ambaye kila Jumapili alikaa pembeni ya uwanja kumpimia kaka yake muda, akaulizwa naye. Akasema, "Mimi vyuma sivijui. Kaka akisema, ndiyo hiyo hiyo."

Gwamaka akawasikiliza wote. Akaitikia kwa kichwa. Akaenda akanunua shokapu.

Wala hazikuwa za kawaida. Kila moja ilikuwa na kishikizo cha kuzungusha. Ukikipeleka kulia, gari linakaza, linakuwa gumu, halilali konani, na kwenye lami nyororo ya uwanja ni raha tupu. Ukikipeleka kushoto, gari linalegea, linakuwa laini, linameza mashimo, na njia ya mlimani ndivyo inavyotaka. Gwamaka akamwita mkewe nje akamwonyesha. "Unaona? Sasa tuna magari mawili. Jumapili ngumu, Jumatatu laini. Tairi mwezi ujao."

Bupe akasema, "Haya." Mnaijua ile haya ya mwanamke aliyechoka kubishana? Ndiyo hiyo.

Kazi ya kuzungusha ikawa ya Ambokile. Hakuna aliyemtuma. Jumapili asubuhi alikwenda uwanjani akakaza. Jumapili jioni alipita nyumbani kwa Gwamaka, akainama, akalegeza, akagonga boneti kwa kiganja, akaenda zake. Bupe akiwa jikoni akausikia mlio ule, akajua kesho gari ni lake. Jumapili ngumu, Jumatatu laini. Mwezi ujao ukaja, tairi hazikuja. Mwingine ukaja, hazikuja. Jumapili ngumu, Jumatatu laini.

Sasa sikilizeni Jumapili moja.

Gwamaka alishindwa mzunguko wa kwanza, akashindwa vibaya, gari likaserereka mpaka kwenye majani. Akashuka amefura. Mbele za watu, mbele za wake za watu, akamgeukia Ambokile. "Umekaza vibaya! Wewe ni fundi wa mikokoteni!" Wanawake wakacheka.

Ambokile akasema, "Gwamaka, ni tairi. Nilikwambia zamani."

"Usiliguse gari langu tena. Umenisikia? Tena!"

"Sitaligusa."

Gwamaka akazungusha vishikizo mwenyewe, akakaza mpaka mwisho. Akarudi uwanjani. Akashinda. Hilo nalo ni balaa, maana mtu akishinda baada ya kumtukana mwenzake, huamini tusi lake lilikuwa hoja. Wenzake wakambeba juu juu wakamtaka wakanywe. Akampa mdogo wake ufunguo. "Nsajigwa, peleka gari nyumbani. Mwambie shemeji yako bado ni gumu, asilitoe. Asubuhi nitalilegeza mwenyewe."

Nsajigwa akapeleka gari. Akamkuta Bupe anamwogesha mtoto, Ipyana, kwenye beseni. Bupe akauliza, "Kaka yako yuko wapi?"

Nsajigwa akaona akisema habari ya gari, ataulizwa kwa nini Ambokile hakuja. Akisema habari ya Ambokile, atasema ugomvi. Akisema ugomvi, atasema na pombe. Akaona bora amani. Akaweka ufunguo mezani, akasema, "Anakuja, shemeji." Akaaga.

Nyuma yake akapita Ambokile, anarudi kwake. Mvua ilishaanza. Alisimama langoni akaliona gari limekaa gumu, maana fundi huona. Mkono ukaenda kwenye komeo la geti. Halafu lile neno la mikokoteni likamrudia, na wale wanawake waliocheka. Akasema, "Amesema nisiguse." Akasusa. Akaenda nyumbani kwake, akala, akalala.

Na Gwamaka akalala huko huko alikonywea, kwenye kochi la watu.

Kabla hakujapambazuka simu ikamfikia Bupe. Mama mmoja kule juu, uchungu umemshika, mtoto amekaa vibaya. Bupe akamfunga Ipyana kanga, akampitisha kwa jirani, akachukua ufunguo mezani. Ninyi mnaotaka kusema angeangalia vishikizo, nyamazeni. Alikuwa anamwahi mzazi. Na marehemu hajitetei, kwa hiyo msimsingizie.

Kuna kona moja juu ya kijito, barabara ina matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia. Gari laini lingeyameza. Gari gumu lilirukaruka. Tairi zenye meno zingeshika pale zilipotua. Zile za kipara hazikushika. Waliokuwa wanakwenda shambani waliliona gari jekundu chini, kwenye mawe, limegeuza miguu juu, na shokapu mpya zinang'aa. Bupe alikuwa ameshakufa.

Sina la kupamba hapo. Alikufa, basi.

Siku ya tatu baada ya maziko, mama yake Bupe, Bibi Tusajigwe, alikuwa kwenye mkeka, Ipyana amelala mapajani pake. Wakaja wale watatu, wameshikana mabega, macho mekundu. Wakasimama mbele yake. Bibi yule akasema bila kupaza sauti:

"Sitaki pole zenu, ninazo za kutosha. Huyu mtoto atakulia hapa kwangu. Ataniuliza, na mimi sitakuwa na jibu. Nataka mtu mmoja. Si kwa kisasi, wala simpeleki kokote. Nataka kila Jumatatu aje hapa, akae na mtoto huyu. Mtoto akimuuliza mama yake alikufaje, amjibu, na asimtaje mtu mwingine. Mpaka mtoto achoke kuuliza. Ni nani kati yenu?"

Gwamaka akasema, "Ni mimi, mama. Aliniomba tairi. Aliniomba kwa mdomo wake. Nikanunua cha kunipendeza mimi, na usiku ule sikuwa kwangu. Hawa wawili, ningenunua tairi, kimya chao na hasira yao visingeua mtu."

Ambokile akasema, "Hapana, ni mimi. Huyu hakujua anachonunua, mimi nilijua. Nilifika langoni, mama. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Tairi zilikuwa kipara siku zote, na siku zote alikwenda akarudi, kwa sababu nililegeza. Siku niliyosusa ndiyo siku aliyokufa."

Nsajigwa alikuwa analia, ikabidi wamsubiri. Akasema, "Wao walikosea wakiwa mbali naye. Mimi nilikuwa naye chumba kimoja. Nilikuwa na neno mdomoni, nimetumwa nalo, halihitaji spana wala fedha. Angelijua angeazima pikipiki ya jirani. Ni mimi."

Waombolezaji wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema ni mume, maana mwenye gari ndiye mwenye lawama. Mwingine akasema fundi ni mbaya zaidi, aliona kwa macho yake akapita. Mwingine akasema mdogo mtu ndiye hasa, hakuwa hata na hasira ya kusingizia. Mzee mmoja akasema wote watatu wachukue, wagawane, yaishe.

Bibi Tusajigwe akamgeukia yule mzee. "Wagawane? Wakiwa watatu wataondoka hapa wameegemeana, kama walivyokuja. Jumatatu hii atakuja huyu, ijayo yule, na kila mmoja atamwambia mtoto habari za mwenzake. Mimi binti yangu sikugawana na mtu, nimempoteza mzima." Akawatazama wale watatu. "Wawili wakae. Mmoja abaki amesimama."

Hakuna aliyekaa. Gwamaka alimwangalia Ambokile, Ambokile akamwangalia Nsajigwa, na kila mmoja aliona haya kukaa, na kila mmoja, nawaambia kweli, magoti yalitamani. Ipyana akaamka. Akawaangalia watu wazima wamesimama, akauliza mama yuko wapi.

Mimi naishia hapo, kwa sababu mtoto ameshauliza na jibu bado halijapatikana. Msiniambie wote. Wote ni jibu la mtu anayetaka kwenda kulala. Aliyechagua shokapu akaacha tairi, au aliyeuweka mkono kwenye komeo akaurudisha, au aliyebeba neno mpaka mezani akalimeza? Wewe hapo, uliyeinamisha kichwa, anza wewe.

Je, nani alistahili kubaki amesimama?